Taa Zilindazo Maji ya Milwaukee

Leo twende kaskazini ya Marekani, jimbo la Wisconsin, katika mji wa Milwaukee. Mji huu umejengwa ufukoni mwa Ziwa Michigan. Ziwa hilo ni dogo kidogo kuliko Ziwa Victoria letu, lakini ukisimama ufukoni huoni ng'ambo. Mito mitatu yakutana mjini na kumwaga maji yake ziwani. Theluji ikiyeyuka mwezi wa Machi, mito hiyo hujaa na kuchukua takataka za mashamba na za mji.

Milwaukee ni mji wa wafanyakazi. Wajerumani walianzisha viwanda vya bia, na Wapoland wengi wakakaa upande wa kusini. Wapoland hao, watu wa mshahara mdogo, walijenga kanisa kubwa la Mtakatifu Yosafati, lililokamilika mwaka 1901. Mawe yake waliyanunua Chicago, katika jumba la posta lililobomolewa, wakayaleta kwa gari la moshi.

Upande huo huo wa kusini iko nyumba nyingine, isiyotazamwa sana na wageni. Ni mtambo wa kusafishia maji wa Howard Avenue. Maji huvutwa kutoka ziwani kwa bomba, hutiwa dawa ili uchafu ushikamane na kushuka chini, huchujwa, kisha hutiwa klorini ya kuua vijidudu. Ndipo huenda majumbani.

Sasa, mtu ajuaje kama chujio limefanya kazi yake? Huulizwa mwanga. Bila shaka umeona mshale wa jua upenyao tundu la paa: vumbi usiloliona mahali pengine laonekana humo likimetameta. Chombo cha kupimia maji hufanya vivyo hivyo. Taa hupitisha mwanga ndani ya maji, na ubavuni hukaa jicho la umeme. Maji yakiwa safi, mwanga hupita moja kwa moja, na jicho halioni kitu. Yakiwa na chembe, mwanga hugonga chembe na kutawanyika; jicho hulihesabu hilo na kutoa namba. Jicho la binadamu huanza kuona ukungu wa maji namba ipitapo kama 4. Chombo huona hata sehemu ndogo ya 1.

Mwaka 1993 mtambo ule ulikuwa na vyombo vya kupima mfululizo, mchana na usiku. Lakini havikuwa vikitumika. Maji yalipimwa mara moja tu kila saa 8. Kwa miaka 10 namba haikuwa imepita 0.4. Tarehe 28 na 30 Machi ikapanda mpaka 1.7. Hata hivyo haikuvuka mpaka wa sheria ya wakati ule, na maji yakaendelea kwenda majumbani.

Humo kilikuwamo kidudu kiitwacho kriptosporidi. Ni kidogo mno: 200 wakijipanga mstari mmoja, urefu wao ni kama milimita moja. Klorini haikiui. Watu wakaanza kuhara. Walimu na wanafunzi wakakosekana shuleni, na hata watumishi wa hospitali wakaugua. Jumatano ya Juma Kuu, tarehe 7 Aprili, Meya John Norquist alitangaza kwamba kila mtu achemshe maji. Ijumaa Kuu mtambo ukafungwa kwa muda. Pasaka ile watu waliila huku masufuria ya maji yakichemka jikoni. Yakadiriwa kuwa watu 403,000 waliugua. Zaidi ya 50 walikufa, wengi wao wagonjwa wa UKIMWI, ambao miili yao haikuwa na nguvu ya kujikinga.

Mji ulijifunza. Bomba la kuvuta maji lilipelekwa mbali zaidi ziwani, na mwaka 1998 ikaongezwa hewa ya ozoni, iwezayo kuua kidudu kile. Mwaka huo huo sheria ya Marekani iliagiza kwamba katika mitambo ihudumiayo watu 10,000 au zaidi, kila chujio lipimwe mfululizo, na namba iandikwe kila dakika 15.

Lakini tusidanganyike. Jicho hilo huona chembe, halijui jina lake: laweza kuwa udongo, laweza kuwa ugonjwa. Wataalamu wana vyombo vingine vitumiavyo mwanga wa urujuani usioonekana, ambao hufanya baadhi ya vitu vitokavyo katika kinyesi na vijidudu ving'ae kidogo. Vimejaribiwa katika visima vya Zambia, Uganda na Kenya. Navyo hutoa onyo tu. Bado maji hupelekwa maabara.

Basi, sisi tuchotao mtoni na kisimani tuchukue nini? Kwanza, maji meupe machoni si lazima yawe salama. Pili, kidudu kilichoishinda klorini hakiwezi kuushinda moto: maji yakichemka kweli kwa dakika moja, kinakufa. Tatu, mlinzi asiyewekwa kazini si mlinzi. Wasemao kwamba mwenye macho haambiwi tazama waikumbuke Milwaukee. Macho yalikuwamo nyumbani, ila hakuna aliyeyafungua.

Mama, kabla ya kumpa mtoto kikombe, chemsha. Baba, tafuta kuni za kutosha.