Mzee Mwenye Mikorosho

Ndugu msomaji, Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilitamka kwamba mzee aliyetimiza miaka 60 naye hana uwezo, atibiwe bila malipo. Neno hilo ni jema, nami sina ugomvi nalo. Kazi iko katika kuthibitisha: nani ataishuhudia miaka yako, na nani ataupima uwezo wako?

Huku Newala hata umri una kesi. Mama yangu mdogo hana cheti cha kuzaliwa. Ajualo ni kwamba alikuwa akibebwa mgongoni Waingereza walipolima karanga zao kule Nachingwea. Mpango ule ulianza 1947, ukaachwa 1951. Basi sabini amekwisha ipita zamani. Lakini karani wa ofisi moja, kijana mpole tu, hakuwa na habari ya karanga hizo. Alitaka karatasi. Tulikwenda na kurudi mpaka barua ya mtendaji wa kijiji ikapatikana.

Hapo likaja la pili. Aliulizwa, "Bibi, una mali gani?" Naye akajibu kweli: "Nina mikorosho." Kalamu ikasimama. Mwenye mikorosho atakuwaje maskini?

Enyi ndugu wa mwambao mnaosikia bei ya korosho redioni, mkorosho hauzai kwa kutazamwa. Palizi yataka mikono. Salfa ya kuzuia ubwiri unga hupulizwa kwa mashine ya kubeba mgongoni, na mgongo wa mama mdogo umekwisha kazi. Kuokota nako ni kuinama kutwa. Asiyeweza hayo huwalipa vijana, na baada ya vijana na deni la salfa, kinachobaki ni kidogo. Tena fedha za korosho huja msimu mmoja kwa mwaka, na presha haingoji mnada.

Wapo waliomshauri akate bima ya CHF, ambayo ilipoboreshwa mwaka 2018 ilitoza kaya ya watu 6 shilingi 30,000 kwa mwaka. Shauri zuri kwa mwenye kaya. Yeye anaishi na mjukuu mmoja.

Basi ikabidi jina lake lisemwe mkutanoni, na yeye mwenyewe aulizwe mbele ya watu kama kweli hana. Mkwewe alikuwa ameketi pale. Mama mdogo alivuta kanga usoni, akanyamaza. Mwanamke huyu amelea watoto wa watu wanne, wala hajapata kugonga mlango wa jirani kuomba chumvi. Jirani mmoja, Mungu amlipe, alisimama akamsemea.

Wenzetu wa Zanzibar walipoanza pensheni jamii mwezi wa Aprili 2016, shilingi 20,000 kwa mwezi kwa aliyetimiza miaka 70, hawakumwuliza mzee ana minazi mingapi. Ile ni pensheni, si matibabu, najua. Lakini mzee hakuvuliwa haya yake. Kwetu, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 imeweka mfuko wa kuwagharimia wasio na uwezo. Nasoma maneno hayo, "wasio na uwezo", nami naikumbuka ile kanga.

Kadi aliipata. Tuliteremka naye Masasi, akapita dirisha la wazee, akaonwa na daktari bila kulipa senti. Dawa mbili alipewa. Ya tatu aliambiwa haipo, akanunue dukani. Akafungua pindo la kanga, akalipa kwa fedha za korosho.