Kifaransa safi cha wezi

Shauri linalorudiwa sana kuhusu barua pepe za matapeli wanaojiita benki ni hili: tafuta makosa ya tahajia. Mimi ninayesoma isimu ningependa liwe kweli, maana lingetupa kazi sisi watu wa lugha. Lakini siku hizi programu za kompyuta zinaandika Kifaransa kisicho na doa, na mwizi anaweza pia kunakili barua halisi ya benki, nembo yake na yote, akabadilisha kiungo kimoja tu. Tena kwetu Kongo shauri hilo lina kasoro ya zamani zaidi. Kifaransa ni lugha ya ofisi, na wengi wetu tulijifunza darasani, tukisahihishwa kila mara. Tukikuta neno la ajabu katika barua ya benki, tunadhani ni sisi tusiojua.

Tangu 2011, serikali ilipoanza kulipa watumishi wake kupitia benki, watu wengi walipata akaunti yao ya kwanza kwa sababu ya mshahara. Mama mdogo wangu, mwalimu wa shule ya msingi huko Likasi, ni mmoja wao. Mwaka jana alinitumia barua aliyopokea, pamoja na ujumbe wa sauti: "Mwana, banki beko banafunga konti yangu. Nifanye nini?" Barua ilianza na "Cher client", ikasema kwamba akaunti "sera suspendu" baada ya saa 24 asipobonyeza kiungo na kuthibitisha namba yake ya siri. Kifaransa chake kilikuwa kizuri kuliko changu.

Nilimpigia, nikamwomba anifasirie barua yote kwa Kiswahili, kama anayemsimulia jirani. "Mteja mpendwa," akaanza, akasita. Benki yake inajua jina lake. (Hilo peke yake halitoshi: kuna wezi wanaoyajua majina.) Kisha "itafungwa". Akauliza mwenyewe: na nani? Kwa kosa gani? Kifaransa cha ofisini kinapenda kauli ya kutendwa isiyomtaja mtendaji, nasi tumezoea kuipokea hivyo hivyo. Alipofika "utupatie namba yako ya siri tujue kama ni wewe", alicheka. Mtu angesimama mlangoni akasema maneno hayo kwa Kiswahili, watoto wangemfukuza.

Baada ya hapo tuliangalia anwani, na hapa sarufi yetu yenyewe inatuponza. Katika Kiswahili kichwa cha kirai nomino hutangulia: mlango wa nyumba ya mwalimu ni mlango, si mwalimu. Kifaransa nacho ni hivyo. Anwani za intaneti zimejengwa kinyume. Tuseme benki inaitwa Benkiyetu na tovuti yake ni benkiyetu.cd. Ukiletewa benkiyetu.cd.huduma-mteja.com, jicho letu linashika neno la kwanza na kutulia. Kumbe mwenye mali ni huduma-mteja.com, na yote yaliyo kushoto kwake ni mapambo ambayo mwenyewe anaweza kuyaandika apendavyo. Anza kwenye mkwaju wa kwanza unaofuata jina la tovuti, au mwisho wa anwani kama hakuna mkwaju, urudi nyuma hadi nukta ya pili. Kwa mfano huu utaona ni nani.

Simu huficha haya. Mara nyingi inaonyesha jina la mtumaji tu, na jina kila mtu hujiandikia; lazima uliguse ndipo anwani itokee. Kiungo nacho kinaweza kuandikwa hivi na kwenda kwingine. Na hata anwani ya mtumaji iliyo sahihi kabisa inaweza kughushiwa. Ndiyo maana mimi sibishani na barua: naifunga, kisha napiga namba iliyo nyuma ya kadi ya benki, au naenda kwenye tawi. Namba ya simu iliyo ndani ya barua siipigi, kwa kuwa atakayepokea ni yule yule aliyeiandika.

Mwalimu mwenzake mama mdogo alipata barua ile ile wiki ile ile. Hakumuuliza mtu. Alijaza namba ya siri, halafu akapigiwa simu na "mhudumu" mwenye adabu nyingi, aliyemwomba amsomee kodi iliyokuwa imeingia sasa hivi kwa ujumbe mfupi. Akaisoma, ingawa ujumbe wenyewe ulimwonya, kwa Kifaransa, asimpe mtu yeyote. Mshahara wa mwezi ulitoka kabla hajakata simu. Asubuhi alikwenda kwenye tawi, wakafunga kadi na kubadilisha namba ya siri, kwa hiyo mshahara uliofuata ulisalimika. Ule wa kwanza haujarudi. Mama mdogo ananiambia kwamba mpaka leo mkewe anadhani serikali ilichelewa kulipa.