Kisu cha Pili

Neno afya katika Kiswahili limebebeshwa mizigo miwili isiyolingana. Mzigo wa kwanza ni uzima wa mwili. Wa pili ni unene. Mtu akiambiwa na jirani yake, "Siku hizi una afya," aghalabu hakupongezwa kwa kukosa maradhi, bali yametazamwa mashavu yake. Kunawiri, kunona na kutononoka ni maneno ya furaha. Kukonda, kudhoofu na kusinyaa ni maneno ya msiba. Si ajabu. Lugha hii ilikuzwa na watu walioijua njaa, na aliyeijua njaa halaumiwi akiuheshimu mwili uliojaa. Lakini hutokea taabu mpya ambayo maneno ya zamani hayaifai, na mwenye taabu hiyo hujikuta akiishi kati ya watu wanaompa pongezi mahali pa pole, na pole mahali pa pongezi.

Hivyo ndivyo ilivyomkuta mwanamke mmoja wa Nanyamba. Nanyamba ni mji mdogo katika uwanda wa juu wa Wamakonde, kwenye njia itokayo Mtwara kwenda Tandahimba na Newala. Tangu mwaka 2015 una halmashauri yake, lakini riziki yake ni ile ile ya zamani, mikorosho. Msimu ukifika, kuanzia Oktoba, magunia hukusanywa katika vyama vya msingi, minada hufanywa, na malipo yakishaingia mji mzima hula. Mwanamke huyo alikuwa na mgahawa karibu na kituo cha mabasi. Kazi yake ilikuwa kulisha, na alishaye hana budi kuonja. Kijiko cha mchuzi alfajiri, kipande cha muhogo saa tatu, ukoko wa wali adhuhuri: huo haukuwa ulafi, ulikuwa ufundi, na ufundi huo ndio uliowaleta abiria mezani pake.

Alipotimiza miaka thelathini na minane alikuwa na uzito wa kilo 138. Sukari ilikuwa juu, shinikizo la damu lilikuwa juu, na magoti yalikataa kumpandisha ndani ya basi mpaka asukumwe na utingo. Mwaka 2017 alisafiri hadi India akakatwa tumbo. Upasuaji aliofanyiwa huondoa robo tatu ya tumbo au zaidi, ukabakiza kifuko chembamba mfano wa ndizi. Fedha zilitoka katika akiba ya mgahawa, na zilizopungua zilipatikana kwa kukodisha mikorosho ya ukoo wa mama yake kwa misimu mitatu. Baada ya mwaka na nusu alikuwa na kilo 84. Dawa za sukari aliziacha kwa idhini ya daktari, na kwenye basi alipanda mwenyewe.

Wateja walipungua pamoja naye. Watu wa rika lake walikua katika miaka ambayo UKIMWI uliyafundisha macho kusoma kifo katika shingo iliyokonda, na somo hilo halijasahaulika. Mpishi aliyekonda kwa ghafula alitiliwa shaka. Mmoja alimwuliza kwa upole, kando ya jiko, kama alikuwa "ameanza dawa". Kusema kweli kungalikuwa dawa ya fitina hiyo, lakini nani angaliamini kwamba mtu mzima ametoka Nanyamba, akavuka bahari, akalipa mamilioni ili apunguziwe tumbo? Alinyamaza.

Mwaka wa nne uzito ulianza kurudi, na ilipofika mwaka 2024 mizani ilisoma kilo 111. Wateja nao walirudi. "Alhamdulillahi, umepona!" walimwambia, na walisema kwa moyo safi kabisa. Naye, ambaye sukari yake ilikuwa imeanza kupanda tena, na ambaye usiku alilala kwa kuegemea mito mitatu kwa sababu tindikali ya tumbo ilimpanda hadi kooni, aliitikia, "Alhamdulillahi." Kisha siku moja alikwenda kliniki moja ya Dar es Salaam kuuliza kama yawezekana kupasuliwa tena. Muuguzi aliitazama mizani, akamtazama yeye, akasema, "Mama, ulikula."

Maneno hayo mawili yastahili kupimwa, maana ndani yake mna hukumu nzima. Kwamba alikula ni kweli, nani asiyekula? Swali ni kwa nini tumbo lililokatwa lilimruhusu. Kifuko kile huzuia wingi wa chakula, hakizuii nguvu iliyomo ndani ya chakula. Bakuli la mihogo ya kuchemsha haliingii, litamkaba kifuani. Korosho za kukaanga huingia, kiganja baada ya kiganja, nazo gramu 100 za korosho zina kalori zipatazo 550, ambazo ni zaidi ya mara tatu ya zile za muhogo wa uzito huo huo. Uji wa sukari huteleza. Chai ya maziwa huteleza. Kumwambia mpishi wa nchi ya korosho asiguse korosho ni kama kumwambia mvuvi wa Msimbati asilowe.

Tena mwili wenyewe hushindana na kisu. Mwaka 1999 wataalamu wa Japani walitangaza kugunduliwa kwa homoni iitwayo ghrelini, ambayo kwa sehemu kubwa hutengenezwa tumboni na kazi yake moja ni kuamsha njaa. Upasuaji wa aina ile huiondoa sehemu ya tumbo inayoitengeneza kwa wingi. Ndiyo sababu katika miezi ya mwanzo mgonjwa hukumbushwa kula kama mtoto. Lakini mwili una njia zaidi ya moja za kuita njaa, na mwili uliopungua hutumia nguvu kidogo kuliko ulivyotumia ulipokuwa mkubwa, hata mtu akila kile kile alichokuwa akila jirani yake ambaye hakupata kunenepa. Huko Uswidi uchunguzi ulioanza mwaka 1987 uliwafuata watu wapatao 4,000 kwa miaka mingi, karibu nusu yao wakiwa wamepasuliwa kwa njia za wakati huo. Waliopasuliwa walifikia uzito wa chini kabisa katika mwaka wa kwanza au wa pili, kisha sehemu ya uzito ikarudi, halafu ikatulia. Hata hivyo taarifa ya mwaka 2007 ilionyesha kwamba vifo miongoni mwao vilikuwa vichache kuliko vya wenzao wasiopasuliwa. Msomaji ayaweke mambo hayo mawili katika mizani moja. Mwanamke wa Nanyamba, pamoja na yote yaliyorudi, bado alikuwa pungufu kwa kilo 27, na kwa miaka kadhaa moyo wake na figo zake zilipumzika. Katika watu wote waliompongeza na waliomlaumu hakuna aliyemtajia hesabu hiyo.

Kuna jambo jingine ambalo wagonjwa wa upasuaji huu ni nadra kuambiwa. Ule mtindo wa kulifanya tumbo kifuko chembamba ulikuwa kwanza sehemu tu ya upasuaji mkubwa zaidi. Kwa wagonjwa wazito mno, ambao mwili wao usingestahimili kazi yote kwa mara moja, madaktari waliigawa mara mbili: mwaka huu kifuko, baadaye utumbo. Ilipoonekana kwamba wengine walipungua vya kutosha kwa hatua ya kwanza, hatua hiyo ikasimama peke yake, na katika miaka ya 2010 ikawa ndiyo inayofanywa kuliko zote katika nchi nyingi. Kwa hiyo anayerudi kwa daktari wa upasuaji huenda anarudi mahali ambapo, kwa asili ya kazi yenyewe, alitazamiwa kurudi. Aibu iliongezwa njiani na watu.

Lakini kuondoa aibu si sawa na kuruhusu kisu, na hapa mashauri yalikuwa mengi kuliko maarifa. Shoga yake mmoja alimshauri puto, maana alisikia kwamba Hospitali ya Mloganzila huwawekea watu puto tumboni ili washibe upesi. Habari hiyo ni ya kweli na huduma ni njema, lakini puto huhitaji tumbo zima. Aliyekwisha kukatwa tumbo kwa kawaida hawekewi. Binti yake, ambaye ni mwanafunzi, alimsomea habari za dawa mpya za sindano, kama semaglutidi, iliyoidhinishwa Marekani kwa kazi ya kupunguza uzito mwaka 2021. Nazo hupunguza kweli. Bei yake kwa mwezi ni kubwa, na zikiachwa uzito hurudi kwa wengi. Jirani wa tatu alitaja majani fulani. Hayo yapite.

Upasuaji wa pili aliokuwa akiufikiria ni ule wa kukigeuza kifuko. Sehemu ndogo ya juu hutengwa, ikaunganishwa na utumbo mwembamba, ili chakula kipite kando ya tumbo lililobaki na mwanzo wa utumbo. Asili ya njia hiyo ni kazi ya daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa, Marekani, mwaka 1966. Kwa mtu anayeteswa na tindikali baada ya kukatwa tumbo, ndiyo njia inayotumainiwa zaidi, kwa kuwa kile kifuko chembamba hukamua vilivyomo kwenda juu, na kukigeuza huondoa msukumo huo. Kwa mtu anayetaka kupungua tu, ahadi yake ni ndogo: kilo zinazoondoka mara ya pili kwa kawaida ni chache kuliko za mara ya kwanza. Na hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu daktari hukuta makovu mahali alipotarajia nyama laini, na mshono uliowekwa juu ya kovu huweza kuvuja.

Baada ya hapo huja madeni ya maisha. Chakula kikipitishwa kando ya mwanzo wa utumbo, madini ya chuma na chokaa hayafyonzwi vizuri, wala vitamini B12. Lazima vinywewe au vidungwe sindano mpaka kufa, na damu ipimwe kila mwaka. Palipo na malaria, damu ina wezi wa kutosha tayari. Lakini sharti lililomshtua mama huyu lilikuwa dogo kuliko hayo yote. Daktari wa upasuaji, aliyemwona baada ya yule muuguzi, alimwuliza anakunywa dawa gani za magoti. Akafungua mkoba, akatoa diklofenaki, zile zinazouzwa katika kila duka la dawa kama pipi. Daktari akamwambia kwamba aliyegeuzwa tumbo hapaswi kuzitumia dawa za jamii hiyo, kwa kuwa huchimba vidonda palipounganishwa tumbo na utumbo, na vidonda hivyo huweza kutoboka. Hata sasa, alisema, huenda zinachangia moto wa kifuani. Hakumkatalia wala hakumkubalia. Alitaka kwanza aone ndani kwa kamera, ajue umio umeunguzwa kiasi gani na kifuko kimetanuka au la.

Akarudi Nanyamba na shauri hilo, na kwa desturi ya Wamakonde shauri la namna hiyo haliishi kwa mume wala kwa watoto. Huenda kwa mjomba. Ukoo hufuata upande wa mama, na mikorosho iliyokodishwa mwaka 2017 ilikuwa chini ya ulinzi wake. Alimkuta mzee barazani akichambua mbaazi.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Nimesikia unataka kwenda tena."

"Sijajua kama nataka. Nimekuja tuzungumze."

Mzee alichambua kitambo bila kusema. Halafu akasema, "Kisu cha kwanza kilikula misimu mitatu. Hiki kitakula mingapi?"

Asidhaniwe kuwa bahili. Mikorosho ile ilikuwa ada ya shule ya wajukuu, na misimu mitatu ile mtoto mmoja alikaa nyumbani. Mama huyo alilijua hilo, naye alilipa ada ya mtoto huyo baadaye kutoka mgahawani, lakini mwaka uliopotea haulipwi kwa fedha.

"Mjomba, safari hii sitaki mikorosho. Nataka nauli na fedha ya kipimo."

"Na wakikuta nini huko ndani ndipo watakukata?"

"Wakikuta moto umeniunguza, nitakatwa. Wakikuta ni unene tu..." Akasita. "Watu hapa wanasema nimependeza."

"Watu hapa hawalali kwa mito mitatu," mzee akasema, akaingia ndani kutafuta fedha.

Safari ilipangwa iwe mwezi Februari, baada ya shamrashamra za msimu kupungua. Diklofenaki alimpa binti yake akazitupe. Usiku wa pili magoti yalimwamsha, naye alikandwa kwa maji ya moto hadi kulipopambazuka. Korosho za kukaanga zilihamishwa kutoka mezani pa fedha, mahali mkono wake ulipozifikia bila yeye kujua, zikawekwa kwenye chupa juu ya kabati. Nyuma ya daftari la wadeni wa mgahawa aliandika maswali ya kumpelekea daktari: mangapi ya aina hii amewahi kuyafanya kwa watu waliokwisha kukatwa, na wangapi walirudi wakivuja, sindano za B12 zitapatikana Mtwara, au itambidi azifuate Dar es Salaam, kama kipimo kikionyesha kwamba umio ni mzima, je, atamwambia aende nyumbani, hata ikiwa fedha za upasuaji ziko tayari. Swali la mwisho halikuwa la daktari, lakini aliliandika papo hapo chini ya mengine: nani atapika mgahawani wiki zile atakazolala, na je, huyo anajua kuonja?