Ngozi Tuliyopewa

Wahenga walisema: Tabia ni ngozi. Maana yao ni kwamba tabia ya mtu haimbanduki, kama vile ngozi isivyobanduka mwilini. Lakini siku hizi hapa Kolwezi methali hiyo imepinduliwa. Ngozi ndiyo inayobanduliwa kila usiku kwa dawa za chupa, na tabia yaachwa kama ilivyo. Juu ya jambo hilo twataka kusema maneno machache. Hatutayasema kama waamuzi, maana sisi wenyewe tumo katika kosa.

Katika jumuiya yetu alikuwako binti mmoja aliyekaribia kuolewa. Miezi michache kabla ya ndoa alianza kupaka dawa ya kung'arisha ngozi. Alipokuja kwenye sala, sisi akina mama tulimwambia nini? Tulimwambia: "Ee mwanetu, umependeza! Sasa kweli wewe ni bibi arusi." Kabla ya hapo hatukumsifu hata siku moja, ingawa kila Jumamosi alifagia kanisa, na nyumbani alimwuguza nyanya yake kwa uvumilivu. Siku ya arusi mpiga picha alizidi kumng'arisha katika mashine yake, hata mama mzazi alipoona picha aliuliza kwa kicheko: "Na huyu ni mtoto wa nani?"

Hakuacha kupaka, kwa kuwa mume naye alizoea kumwona hivyo. Mwaka uliofuata alijifungua kwa kupasuliwa, na kidonda kikakataa kufunga. Mganga wa hospitali aliwaita ndugu zake akawauliza: "Huyu amepaka dawa gani, na kwa muda gani?" Akawaeleza kwamba ngozi imekuwa nyembamba, uzi wa kushonea haushiki vema. Mungu alimrehemu, akapona baada ya majuma mengi. Lakini swali lile la mganga lilitufikia sisi pia. Nani aliyemfundisha binti huyu kwamba ngozi yake haitoshi?

Yafaa kwanza tujue dawa hizo ni nini, maana wengi hupaka bila kujua. Nyingine zina haidrokwinoni, izuiayo ngozi kufanya rangi yake. Na rangi hiyo Mwenyezi Mungu hakutupa bure: ni mwavuli wa kutukinga na jua kali. Mtu akiipaka dawa hiyo kwa miaka, huweza kutokewa na madoa meusi ya kibuluu mashavuni, yasiyofutika kwa urahisi. Nyingine zina zebaki, sumu iharibuyo figo, nayo huweza kumdhuru mtoto tumboni. Nyingine ni kortizoni. Hiyo waganga huitoa kwa kipimo ili kuponya magonjwa ya ngozi, lakini ikipakwa mwili mzima kila siku huifanya ngozi nyembamba, huchelewesha vidonda, tena huweza kuzidisha sukari na msukumo wa damu.

Je, serikali zimenyamaza? La. Kwa Mapatano ya Minamata ya mwaka 2013, mataifa mengi yalikubali kupiga vita zebaki, hata ile ya katika vipodozi. Jirani zetu wa Rwanda, mwishoni mwa mwaka 2018, walituma polisi kuzitoa dawa hizo madukani. Na wazee wetu hawajasahau miaka ya 1970, wakati serikali ya Mobutu ilipokataza nywele za bandia na dawa za kung'arisha ngozi. Amri ile ilipita, chupa zikabaki. Ama kweli, mzizi wa jambo hili haumo katika chupa.

Mzizi wake ni wa zamani. Union Minière ilipojenga mji huu katika miaka ya 1930, mtaa wa Wazungu ulikuwa mbali na kambi za wafanyakazi. Rangi ndiyo iliyoamua nyumba ya mtu, mshahara wake na shule ya watoto wake. Hivyo watoto walijifunza, bila kufundishwa kwa maneno, kwamba weupe ni raha na weusi ni sururu. Tena tuseme kweli hata juu yetu wakristo: katika picha nyingi za katekisimu za zamani malaika walichorwa weupe, na shetani mweusi. Utawala ule ulikwisha mwaka 1960, lakini macho tuliyopewa nao hatukuyarudisha.

Leo mwalimu wa macho hayo ni simu. Binti akijipiga picha, simu humlainisha uso na kumng'arisha kabla hajaomba. Wanawake wa nyimbo na wa matangazo anaowaona humo, wengi wametengenezwa vivyo hivyo. Naye ajilinganisha na uso usiokuwako duniani! Tazameni basi ajabu hii. Kobalti itiwayo katika betri za simu, sehemu kubwa yatoka katika nchi yetu ya Lualaba. Wako mama zetu wanaoiosha kando ya maji, migongo yao imeinama juani tangu asubuhi. Mawe yasafiri ng'ambo, yarudi yakiwa simu, na simu yamwambia binti wa mama yule yule: "Wewe si mzuri." Kisha franka alizopata mama kwa jua lile zanunua chupa ya kulifuta jua usoni mwa mtoto.

Tusiwalaumu wasichana tu, wala tusiilaumu simu tu. Simu yasema mara moja, sisi twarudia mara kumi. Ninyi akina baba, mnapomsifu mke wa jirani kwa weupe wake mbele ya mkeo, mwamtuma mkeo sokoni. Nasi akina mama, tunapochagua wasichana weupe wasimame mbele siku ya sherehe, wale wa nyuma wameelewa.

Nabii Samweli alipotumwa nyumbani kwa Yese, naye alidanganywa na sura na kimo, hata Mungu akamwonya kwamba Yeye hutazama moyo. Nasi tunaye dada yetu Mwenye Heri Anuarite, aliyeuawa Isiro tarehe 1 Desemba 1964, na kutangazwa mwenye heri mjini Kinshasa mwaka 1985. Picha yake twaijua: uso wa binti wa Kongo, mweusi, mtulivu. Twapiga magoti na kuomba atuombee, wala hakuna anayetamani angekuwa mweupe zaidi. Basi, kwa nini twamtamania hivyo binti aliye karibu nasi?

Aliyekwisha kuzoea dawa hizo asione haya kwenda kwa mganga, tena asikatishe ghafula bila shauri, kwa maana ngozi huweza kuwaka na kuvimba. Nasi tumekubaliana jambo moja dogo katika jumuiya yetu: binti akija kwenye sala, tumsifu kwa kazi aliyoitenda, wala tusitaje rangi yake. Yule mama kijana naye ameanza kuja tena, na mtoto mgongoni. Rangi yake yarudi polepole, mahali mahali. Juma lililopita alifagia kanisa. Safari hii tulimshukuru.