Namba ya Mafuta ya Karafuu

Sisi tufundishao hesabu tumezoea kuwaambia watoto ya kwamba katikati ya 6 na 10 ni 8. Ni kweli, lakini siku moja kweli hiyo ilituaibisha.

Tulikuwa walimu wanne, tumekwenda chuoni kujifunza kromatografia ya gesi, kazi ambayo James na Martin waliieleza huko Uingereza mwaka 1952. Mafuta kidogo hugeuzwa mvuke, yakachukuliwa na gesi katika mrija mrefu mwembamba uliopakwa utando ndani. Utando hushika vitu vilivyomo, hiki sana, hiki kidogo, hata kila kimoja kikatoka kwa dakika yake. Lakini mrija ukibadilika, dakika nazo hubadilika. Kwa hiyo mwaka 1958 Ervin Kováts wa Zürich alitoa namba idumuyo zaidi: alkani yenye kaboni 13 ni 1300, yenye kaboni 14 ni 1400, na vitu vingine hupimwa baina yake.

Basi tulitia mafuta ya karafuu ya Pemba, joto la mrija likiwa ni moja tu. Ile ya 1300 ilitoka dakika ya 6, ile ya 1400 dakika ya 10, na kitu kikuu cha mafuta yetu dakika ya 8. Hatukushika hata kalamu. "Ni 1350!" Tukafungua orodha ya mrija wa namna ile, tukaandika kyubebini, ambayo namba yake ni karibu na 1351. Na chumba kizima kilinukia karafuu, yaani yujenoli! Pua zilijua, sisi hatukujua.

Mwalimu wetu, kijana wa umri wa watoto wetu, akauliza kwa adabu, "Wazee wangu, kitu kisichoshikwa na utando kabisa kimetoka dakika gani?" Dakika ya 1. Hiyo huondolewa kwanza. Zikabaki 5, 7 na 9. Tukasema kwa furaha, "Bado ni katikati!"

Akatikisa kichwa. Kila kaboni moja ikiongezwa, muda haujumlishwi, bali huzidishwa. Ndiyo sababu twapima kwa logi. Logi ya 5 ni 0.699, ya 7 ni 0.845, ya 9 ni 0.954. Kutoka ya kwanza hata ya pili ni 0.146, kutoka ya kwanza hata ya tatu ni 0.255. Gawanya, upate 0.57. Namba ni 1357, na hapo ndipo orodha ilipoandika yujenoli.

Tukaifuta kyubebini kwa kalamu nyekundu, ile tuliyozoea kuitumia katika madaftari ya wengine.