Makoti Niliyoyakata

Kuanzia katikati ya mwaka 2023 niliuza jaketi za viraka zenye lebo ndogo ya kitambaa ndani ya kola. Lebo ilisema jaketi imeshonwa kutokana na nguo zilizookolewa jalalani. Si kweli. Zilitokana na makoti mazima ya sufu, yenye vifungo vyote, niliyoyanunua Kawangware kabla mtu mwingine hajayagusa. Nikayafumua, nikayakata, nikawauzia watu uongo pamoja na nguo. Nilijua ninachofanya.

Nia yangu ya mwanzo ilikuwa safi. Februari mwaka ule shirika la Changing Markets lilitoa ripoti iliyokadiria kwamba mwaka 2021 nguo kuukuu zaidi ya milioni 900 ziliingia Kenya, na kwamba karibu nusu yake hazikufaa kuvaliwa. Wafanyabiashara wa mitumba waliipinga. Mimi niliiamini, na hata leo sidhani tatizo ni la kubuni. Aliyesimama ukingoni mwa Mto Nairobi pale Gikomba ameyaona matambara kwenye matope. Mimi ni fundi, nina cherehani na ovaloki. Nikajiambia: kama nguo zinatupwa, kwa nini nisizishone upya?

Basi nikanunua fagia. Msomaji asiyezoea soko aelewe mpangilio wake: belo likifunguliwa, kamera, yaani zile nguo bora kabisa, huondoka kwanza na wenye maduka ya mjini. Kisha huja mnunuzi wa kawaida, naye huchagua hadi mchana. Kinachobaki chini ya turubai ndicho fagia. Nilibeba magunia hadi nyumbani na kuanza kupanga. Suruali za jinzi zilikuwa zimelika mapajani hadi unaona mwanga. Sweta zilikuwa zimefuliwa kwa maji ya moto huko zilikotoka, zikajikaza. Nyingi zilikuwa fulana za poliesta ambazo pasi ikizidi joto kidogo tu zinayeyuka.

Hata hivyo zinashoneka. Hapa ndipo uvivu wangu ulipoingia. Kabla ya kukata, kila kitambaa kinapaswa kufuliwa na kukaushwa, ili kinachotaka kusinyaa kisinyae mapema. Lazima utenganishe pamba tupu na pamba iliyochanganywa na lastiki, uangalie nyuzi zinaelekea wapi kabla ya kupanga viraka, na sehemu iliyolika uitie kitambaa kingine kwa nyuma ili ishike mshono. Mwisho wa kazi yote hiyo unaweza kupata mfuko, mto wa kiti, au kizibao cha mtoto. Jaketi ya mtu mzima ni nadra. Mimi nilitaka jaketi, na nilizitaka haraka, kwa sababu nilikuwa nimelipia meza katika soko moja la wikendi huko Lavington. Nilishona bila kufua. Wateja wa kwanza walipozifua nyumbani, kiraka kimoja kilisinyaa na jirani yake kikabaki vilevile, mgongo mzima ukajikunja. Zikarudishwa.

Nilipaswa kurudi nyuma na kujifunza. Badala yake nilikwenda kwa mama ninayenunua kwake Kawangware, nikamwambia makoti yote mazito atakayopata aniwekee, nitaongeza kitu juu ya bei yake. Koti la shilingi 600 nililifumua nikalichanganya na lingine la rangi tofauti, nikaenda Biashara Street kutafuta bitana nzuri na vifungo, na jaketi ikauzwa 6,500. Sufu ya namna ile hukatika vizuri na haitelezi mkononi. Kila mtu aliyeipapasa aliisifu. Nami nikisimama pale mezani nilikariri ile hesabu ya nguo milioni 900, nikaitumia kuuza koti ambalo halikuwa hata moja ya nguo zile zisizofaa kuvaliwa.

Ikafika Julai. Anayekaa upande wetu, Kangemi, Kawangware, Uthiru, anaijua Julai: mawingu hayafunguki, na usiku baridi inaingia mifupani. Makoti yale yana wenyewe. Huvaliwa na askari wa usiku, wale wanaotoka Kawangware na Kangemi kwa miguu jioni kwenda kulinda malango ya Lavington, Kileleshwa na Loresho. Nilikuwa kibandani kwa yule mama siku mzee mmoja wa kazi hiyo alipokuja kuuliza koti. Mama akamjibu bila ubaya wowote, "Yamekwisha, mzee. Huyu fundi ndiye anayechukua yote."

Mzee akanigeukia. "Fundi, basi niuzie moja tu."

Nikamwambia nimeshayakata yote.

Nyumbani yalikuwa yamebaki mawili, mazima. Nilikuwa nimeshapokea malipo ya awali ya jaketi zitakazotokana nayo. Niliyakata jioni ileile, nadhani kwa sababu niliogopa kwamba nikilala nayo yakiwa mazima nitampelekea. Hilo ndilo ninaloliona kila nikifikiria habari hii, kuliko hata lebo.

Wala siwezi kudai sikuelewa. Machi 2020 serikali ilipopiga marufuku kuingiza mitumba kwa sababu ya korona, hadi Agosti, niliona kwa macho yangu bei zikipanda na watu wakirudia kuvaa nguo moja mara nyingi. Nilifahamu vema mitumba ni nini kwa mtu wa mshahara mdogo. Nguo nzima inayovaliwa na mtu si taka, na kuikata si kuiokoa, hata ukiishona kwa ustadi kiasi gani.

Makoti sikati tena. Nafua fagia, nakausha, natenganisha, nashona mifuko na vizibao. Kipato kimeshuka sana na meza ya Lavington nimeiachia mwingine. Mzee nilimtafuta lango kwa lango nikaambiwa amehamishwa lindo. Mama wa kibandani nilimweleza yote. Alisikiliza, akaniambia makoti ya msimu huu atayauza kwa anayekuja kuvaa, nami nikamwambia ni sawa.

Wewe uliyenunua jaketi yenye lebo ile, maneno yaliyomo ni ya uongo na niliyaandika mimi. Ukitaka pesa zako, nitakurudishia, hata kama ni kidogo kidogo. Ukitaka kubaki nayo, ilete nifumue lebo. Jaketi yenyewe imeshonwa vizuri. Itakufaa miaka mingi.