Nilimcheka Babu, taa zikanifuata hadi Makere

Kuna kicheko kimoja nilikicheka nikiwa na miaka 14 ambacho mpaka leo kinanisuta. Nilikicheka mbele ya babu yangu mzaa mama, uani kwake Kasulu, Desemba ya mwaka 1994, tena nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Watoto wa Dar mnatujua. Mtu unashuka treni Kigoma, unapanda gari la Kasulu, unafika na jinzi yako na kaseti zako mbili za rap, basi unajiona umewazidi watu wote akili. Kasulu iko juu na jioni kuna baridi, kwa hiyo baada ya kula tulikuwa tunaota moto nje. Babu alikuwa na kiti chake cha uvivu ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia, na koti la jeshi lililochakaa mpaka huwezi kusema lilikuwa la rangi gani. Mimi aliniita "mke wangu", kama wafanyavyo mababu wote, na nikikohoa kidogo tu anaagiza niletewe asali ya Kibondo.

Usiku ule nikaona kinyota kinakwenda taratibu juu ya migomba. Nikasema kwa maringo, "Setilaiti hiyo, Babu."

Babu akainua macho, akakitazama mpaka kikapotea.

"Hiyo inakwenda njia yake, mke wangu," akasema. "Ile yangu ilikuwa inafuata ndege."

Ndipo akaanza. Babu alikuwa askari wa Keya, yaani KAR, wakapelekwa kwa meli mpaka Ceylon, ambayo siku hizi ni Sri Lanka, na mwaka 1944 wakaingizwa Burma kumfukuza Mjapani. Mwenyewe alisema "Bama". Waliteremka na bonde la Kabaw katikati ya masika ya huko, tope mpaka magotini, malaria nayo ikiwaangusha watu. Wazungu wenyewe waliliita Bonde la Mauti. Chakula kiliangushwa na ndege kwa miavuli, na kama mawingu yamefunga, hakuna chakula.

Usiku mmoja wa manane alikuwa zamu. Mvua ilikuwa imekatika na mbingu iko wazi. Akasikia ndege kubwa zinapita kwenda kwa adui, akatazama juu, akaona nyuma ya mojawapo, karibu na bawa, taa nyekundu kama kaa lililotolewa majivuni. Haikuwakawaka. Ndege ikipinda kushoto nayo inapinda, ikinyooka nayo inanyooka. Haikulipuka wala haikuitungua ile ndege. Halafu ikatoweka, "kama mtu amefumba jicho".

Mimi na jinzi yangu nikauliza, "Babu, siku hiyo mlikunywa nini?"

Uwanja mzima uliangua kicheko. Binamu zangu, mjomba, hata mama. Babu hakukasirika, na pengine angekasirika leo ningekuwa na amani zaidi. Alichukua kijiti, akasogeza kuni, akasema, "Hata sajini aliniuliza hivyo hivyo." Kisha akaomba maji ya kunawa miguu akaenda kulala. Alifariki mwaka 1999 na sikumsikia tena akiitaja ile taa.

Miaka mingi baadaye mama ndiye aliyenipasulia jipu. Nilikuwa najua kwamba ukoo wetu asili yake si Kasulu, ni Mabamba, Kibondo, kule mpakani na Burundi. Nilichokuwa sijui ni kwa nini Babu alihama. Kumbe aliporudi kutoka vitani mwaka 1946 alisimulia mambo yote aliyoyaona, bahari, meli, Wajapani, na ile taa. Watu walimsikiliza kwa furaha. Mvua zilipoanza, radi ikapiga nyumba ya jirani, ikaua mtu. Mtu mmoja akasema, na mmoja anatosha: "Si ndiye aliyetuambia ameona moto unaofuata watu angani? Ameuleta."

Wewe msomaji wa mjini unaweza kucheka. Kwetu Uha radi huulizwa imetumwa na nani, na jina likishatajwa halifutiki. Babu aliondoka usiku na bibi na mtoto mgongoni. Shamba la migomba likabaki, makaburi ya wazazi wake yakabaki. Huko Kasulu alikaa kimya karibu miaka 50, halafu siku moja akajaribu kumwambia mjukuu wake aliyesoma, na mjukuu akamuuliza alikunywa nini.

Sasa nije kwenye yaliyonipata mwenyewe. Ilikuwa katikati ya Machi 2012. Nilikuwa natoka Kibondo kwenye msiba, narudi Kasulu. Barabara miaka ile ilikuwa ya udongo, na Machi ni mwezi wa mvua, kwa hiyo tope lilitukamata mara mbili na giza likatukuta porini. Wanaoijua njia hiyo kwa nyakati hizo hawahitaji kuelezwa. Majambazi walikuwa wanateka magari, na basi lilikuwa halitembei bila askari mwenye bunduki. Wetu alikaa kiti cha mbele, ameegemea mlango.

Kama saa mbili na nusu usiku kijana mmoja akasema, "Jamani, mnaona zile taa?"

Upande wa kulia, juu kidogo ya miyombo, kulikuwa na taa mbili, moja kali sana na nyingine hafifu kidogo. Zimekaa pamoja kama macho. Basi likienda, zinakwenda. Likipunguza mwendo kwenye shimo, zinapunguza. Tukipinda zinajificha nyuma ya miti, tukinyooka hizo hapo, zinatungoja. Konda akasema ni majambazi wako mlimani na tochi. Mzee mmoja akasema hakuna tochi inayokimbia juu ya miti, hao ni watu wa usiku na safari zao. Mwingine akasema helikopta ya Umoja wa Mataifa. Dereva hakusema kitu, alikanyaga mafuta. Askari akaweka bunduki mapajani.

Karibu yangu alikaa mama mmoja Mkongo aliyekuwa anarudi kambini Nyarugusu. Yeye hakuuliza ni taa gani. Alimshika mwanawe begani akamsukuma chini ya kiti, kisha akaweka mguu wake mbele yake kama mtu anayefunga mlango. Hakulia wala kusali kwa sauti. Alifanya kwa mazoea.

Na mimi, msomaji wangu, mimi niliyemwambia Babu habari za setilaiti, ningeapa mahakamani kwamba zile taa zilikuwa zinatufuata sisi.

Aliyetuokoa ni mvulana wa kidato cha pili, kakaa nyuma na gunia lake la maharage. "Nyie, hizo ni sayari," akasema, kwa sauti ya kuona aibu kwa niaba yetu. "Zuhura na Mshtarii. Mwalimu ametuonyesha wiki nzima." Dereva akasimamisha gari. Taa zikasimama. Tukashuka tukazitazama, ziko kimya pale pale magharibi, nzuri ajabu. Na kweli mwezi ule sayari hizo mbili zilikaribiana angani hata dunia nzima ikazipiga picha. Kitu kikiwa mbali mno, ukisogea wewe chenyewe hakibadiliki mahali, ila miti inakimbia, na jicho linakuambia unafuatwa. Ni ule ule mwezi uliokuwa unatukimbiza utotoni tukitumwa dukani usiku. Watu wakacheka, konda kuliko wote. Yule mama alingoja mpaka taa za nyumba za Makere zionekane, ndipo akamtoa mtoto chini ya kiti.

Kwa siku kadhaa nilitembea na furaha ya mpelelezi. Kesi imekwisha, Babu aliona Zuhura. Nikampigia mama simu kumweleza. Mama akaniuliza swali moja tu: "Na hiyo Zuhura huonekana usiku wa manane?"

Haionekani. Huonekana jioni jua likishazama, au alfajiri kabla halijachomoza, kwa sababu haiendi mbali na jua. Mama yangu hakumaliza darasa la saba.

Ikabidi nianze kusoma. Nikakuta kwamba Babu alikuwa na wenzake wengi, tena wenye vyeo. Novemba 1944 marubani wa Kimarekani wa kikosi cha 415 cha ndege za usiku, waliokuwa wakiruka juu ya mto Rhine, walianza kuona mataa mekundu na ya rangi ya machungwa yakiwaandama. Mwenzao mmoja, Donald Meiers, akayaita "foo fighters", neno la upuuzi alilolitoa kwenye katuni za Smokey Stover gazetini. Mnaopenda muziki wa roki mnalijua jina hilo kwa kile kikundi cha Dave Grohl, basi lilikotoka ni huko. Januari 1945 jarida la Time likaandika habari zao. Wakubwa walidhani ni silaha ya siri ya Mjerumani, lakini vita vikaisha na silaha ya namna hiyo haikuonekana.

Ila iliyonisimamisha nywele ni ya rubani wa ndege ya mabomu aina ya B-29, Alvah Reida. Usiku wa Agosti 10, 1944 waliondoka Ceylon, hiyo hiyo Ceylon waliyofanyia mazoezi askari wa Keya kabla ya Burma, kwenda kupiga Palembang, Sumatra. Baada ya kuangusha mabomu wakaona tufe lenye wekundu wa machungwa pembeni ya bawa la kulia, kama yadi 500 hivi. Reida akageuza ndege, akapanda, akashuka. Likamfuata kila alikokwenda kwa karibu dakika nane, kisha likakata kona likapotea juu. Agosti ile ile Babu yuko bondeni Kabaw. Sisemi waliona kitu kimoja, maana kutoka Kabaw hadi Sumatra ni mbali mno. Nasema tu kwamba nilipofika kwenye neno "machungwa" niliweka kitabu chini nikaenda kunywa maji.

Serikali ya Marekani iliwakalisha wanasayansi chini Januari 1953 kuchunguza habari za vitu vya angani, na zile taa za vitani nazo zikatajwa. Wakasema pengine ni umeme wa hewani, jamaa ya ule moto wa Mtakatifu Elmo ambao mabaharia waliuona kwenye ncha za milingoti, au mwanga uliogonga chembe za barafu. Pengine. Moto wa Elmo ni wa buluu na hung'ang'ania kwenye chombo, hauachii nafasi ya yadi 500. Baadhi ya marubani waliipiga risasi Zuhura kabisa, hilo nalo lilitokea, na nikikumbuka yule askari wetu na bunduki yake mapajani siwezi kuwacheka. Lakini jibu moja la kuwatosha wote halikupatikana.

Jambo jingine dogo. Ofisa upelelezi wa kikosi kile cha 415, Fred Ringwald, alikuwa ndani ya ndege ile taa zilipoonekana, na yeye ndiye aliyeanza kuziona. Kwa hiyo marubani walipotoa taarifa walikuwa na mkubwa wa kusema "ni kweli, na mimi nilikuwepo". Babu alikuwa na sajini.

Na siyo kwamba watu wa Kigoma hawakuwa na historia ya kuona makubwa angani. Juni 1916 Wabelgiji walileta ndege za kutua majini, wakavuka Ziwa Tanganyika wakaipiga mabomu bandari ya Kigoma, wakiitafuta meli ya Wajerumani Graf von Götzen, ambayo ndiyo Liemba yetu. Hebu jiweke pale ufukweni, unaanua dagaa, hujawahi kuona wala gari, halafu juu yako kinapita kitu kinanguruma na kudondosha moto. Ungemsimulia nani Kasulu akakuelewa? Na kama siku hiyo jioni radi ingepiga?

Mwaka jana nilikwenda na mama Mabamba, kwa mara ya kwanza tangu abebwe mgongoni kutoka pale. Sikutaka kudai shamba, mashamba yana watu wake sasa. Tulionyeshwa makaburi, tukapalilia. Halafu tukapelekwa kwa bibi mmoja wa makamo ya marehemu bibi yangu mdogo, mwenye miaka 80 na ushee, haoni vizuri lakini masikio yake mazima. Mama akajitambulisha kwa jina la baba yake. Yule bibi akakaa kimya muda mrefu mpaka nikadhani amesinzia.

"Nilikuwa mtoto," akasema. "Tulikaa pale kwenye mwembe, akatusimulia sote. Sikumbuki vizuri, taa ilikuwa nyeupe au nyekundu?"

"Nyekundu, Bibi," nikasema.

"Eeh, nyekundu," akasema, akamwita mjukuu wake atuletee viti.